Redio ya Ndai Korbesa: Kabla ya Skrini Kubwa, Cheki Kama Inafika 108

Wasee, ndai ikitoka Japani huja na redio safi, lakini ukiwasha unapata kelele tu. Si mbovu. Kule FM huanza 76, na redio nyingi za zamani huishia 90. Hapa Kenya tuko 87.5 hadi 108. Capital FM ya Nairobi, kwa mfano, iko 98.4. Redio hiyo itaifikia aje?

Fundi atakwambia uweke ekspanda, ni bei poa. Hako kadude hushusha stesheni zetu, lakini redio bado ina nafasi ya megahazi 14, na sisi tunatumia zaidi ya 20. Zingine lazima zipotee.

Msee wa Nairobi hana stress, ana bando. Lakini ukiwa Korbesa, huko Merti, mambo ni tofauti. Ewaso Nyiro ikifurika, au bei ya mbuzi ikianguka, redio ndiyo hukutonya. Mtandao ukikatika, skrini ya Android bila FM ya maana ni urembo tu.

So kama una doo ya kubadilisha, kwanza uliza kama FM inafika 108. Pili, volti: redio ya gari dogo hutumia 12, malori mengi ni 24. Ukiunganisha moja kwa moja, imeungua. Tatu, "wati 50 mara nne" kwa boksi ni kilele, si nguvu ya kila siku.

Na usilipe kabla iwashwe ukiskia.