Fight Club Yatimiza Robo Karne

Fight Club ilianza kuoneshwa katika kumbi za sinema za Marekani Oktoba 15, 1999, na Oktoba 2024 ilitimiza miaka 25. Ni jubilei ya fedha kwa filamu iliyoanza kwa kukosa fedha: ilitengenezwa kwa zaidi ya dola milioni 60, nyumbani kwao ikavuna kama milioni 37 tu. Mwezi mmoja kabla, kwenye tamasha la Venice, wapo walioizomea. Kilichoiokoa ni DVD. Watu waliinunua, wakaazimana, wakairudia, hadi kazi hiyo ya David Fincher, iliyotokana na riwaya ya Chuck Palahniuk ya 1996, ikawa taasisi. Naam, filamu inayodhihaki ununuzi ilifufuliwa na maduka. Nasi tunacheka.

Dhihaka yenyewe haijachuja. Edward Norton, mfanyakazi wa kampuni ya magari asiye na usingizi wala jina, anapita sebuleni kwake, na kila kiti, meza na taa vinaibukiwa na maelezo na bei hewani, kana kwamba amehamia ndani ya katalogi ya IKEA. Halafu anakuja Tyler Durden, yaani Brad Pitt na koti lake jekundu la ngozi, muuza sabuni. Mafuta ya sabuni hiyo yameibwa kwenye taka za kliniki ya kupunguza unene. Wenye nazo wanauziwa unene wao wenyewe kwa bei ya anasa.

Lakini tunachosherehekea ni filamu, si Tyler. Baada ya robo karne hakuna tena siri ya kutunza: Tyler na yule asiyelala ni mtu mmoja. Na wanaume waliomfuata ili wasiwe watumwa wa tai na mshahara wanaishia kunyolewa vichwa, kuvalishwa nguo nyeusi, kupokonywa majina na kuitikia amri bila kuuliza. Vijana wengi waliobandika picha yake ukutani, tunahofia, waliishia nusu ya kwanza.

Hata mwisho wa filamu haukuachwa salama: mwaka 2022 jukwaa la video la Tencent nchini China liliondoa majengo yanayolipuka mwishoni, likaweka maandishi kwamba polisi walizima njama ya kuyalipua. Watazamaji walilalamika, na sehemu kubwa ikarudishwa.

Tuna ombi kwa wenye kumbi: irudisheni kwenye skrini kubwa. Kabla hajatambulishwa, Tyler hupenyezwa kwa fremu moja moja, mara kwenye mashine ya fotokopi, mara kwenye korido ya hospitali. Kwenye simu mtu husimamisha picha akamnasa. Ukumbini humgeukia jirani, akamuuliza kama naye ameona.