Salfa ya Mikorosho na Kompyuta ya Nyumbani

Ifikapo Juni, mikorosho ya Newala na Masasi inapokaribia kuchanua, kazi kubwa ni kupambana na ubwiriunga. Mifuko ya salfa ya kilo 25 huletwa nyumbani, na alfajiri mashine za kupulizia hunguruma mashambani. Salfa hatuwezi kuiacha. Ubwiriunga ukishika maua, korosho hazipatikani, na ada ya shule haipatikani pia.

Lakini katika nyumba nyingi mfuko huo hulazwa chumbani kwa kuhofia wezi, na chumbani humo humo ndimo ilimo kompyuta mpakato ya mtoto aliye chuoni, au ya mwalimu aliyeinunua kwa mkopo ambao bado anakatwa katika mshahara.

Bila shaka umepata kukiona kikuku cha fedha cha bibi kikigeuka cheusi. Hiyo ni kazi ya salfa iliyomo hewani. Ndani ya kompyuta njia za umeme ni za shaba, na vipande vingine vina fedha; salfa huvila vivyo hivyo, polepole, mpaka umeme ushindwe kupita. Unyevu huharakisha uharibifu huo, na asubuhi za ukungu hazikosekani Newala, ukingoni mwa uwanda wa juu. Kule Masasi, chini kwenye vilima vya mawe, joto nalo hufanya yake: feni huzunguka zaidi, na kila inapozunguka huvuta vumbi ndani.

Basi mfuko ukae stoo ya nje inayofungwa kwa kufuli, mbali na jiko, maana salfa hushika moto. Aliyetoka kupulizia aoge na kubadili nguo kwanza, hata kama kijana ana haraka ya kutazama matokeo ya mpira. Kompyuta itumike juu ya meza au kipande cha ubao, kamwe si juu ya godoro, ambalo huziba matundu ya hewa. Ikizimwa, ngoja ipoe ndipo uitie mkobani.

Wengine hupuliza vumbi kwa mdomo. Haifai, kwa kuwa mate huingia pamoja na pumzi. Tumia brashi laini iliyo kavu. Kitambaa kibichi kisiguse kibodi.

Msimu wa kupulizia ukiisha, ipeleke kwa fundi aifungue na kuisafisha. Afadhali uitenge gharama hiyo mapema, kabla fedha za mnada hazijapata wenyewe. Simama karibu atazame mbele yako. Aizuie feni kwa kijiti anapopuliza hewa, isizunguke kupita kiasi ikaharibika. Na ukiona unga wa manjano kwenye mapanga ya feni, mwambie kuwa ni salfa, asije akaufuta kwa maji.