Divai kali ya kaka: tuiweke au tuifungue?



Juma hili mama mmoja wa kikundi chetu ametuletea ulizo lililonigusa. Kaka yake alikuwa akifanya kazi ng'ambo, upande wa Tanzania. Mwaka jana alikuja kwa likizo na chupa moja ya divai nyekundu, akamwambia dada yake: "Hii tutaifungua siku ya harusi ya binti yako." Miezi mitatu baadaye kaka akafariki. Binti bado yuko masomoni, harusi labda baada ya miaka minne au mitano. Shemeji yao mmoja aliwahi kuonja divai ya aina hiyo. Anasema inakausha ulimi, ni mbovu, afadhali itupwe. Mama anauliza: je, ni mbovu kweli? Na itafika siku ya harusi?

Nilimwomba anionyeshe chupa. Imeandikwa Aglianico, ya Italia, mwaka 2019.

Aglianico ni jina la zabibu nyeusi za kusini mwa Italia, katika majimbo ya Campania na Basilicata. Huko Basilicata hulimwa kwenye miteremko ya Vulture, mlima wa moto uliozimika zamani. Zabibu hizi hukawia kuiva. Nyingine zimekwisha kuvunwa, hizi bado ziko shambani hadi Oktoba, hata Novemba. Zimefika pia karibu na sisi: Waitalia walizipanda Hombolo, karibu na Dodoma, mji ulio kwenye njia ya reli inayotoka Dar es Salaam na kuishia Kigoma, ng'ambo ya ziwa letu.

Sasa ule ukali. Sisi wamama tunaujua vizuri. Uma ndizi mbichi, au kunywa chai iliyochemka mno: ulimi unakakamaa, ufizi unakauka. Huo ndio ukakasi. Katika divai unatoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, na wataalamu huuita tanini. Tanini hushikana na mate, ndiyo maana mdomo unakauka. Aglianico ina tanini nyingi na uchachu mwingi tangu kuzaliwa kwake. Kwa hiyo shemeji hakusema uongo juu ya ulimi wake, lakini ukakasi si ubovu. Divai iliyoharibika hunuka siki, au huwa na harufu ya kitu kilichooza.

Tena, ukakasi huo ndio unaoisaidia divai kudumu. Miaka ikipita, tanini hushikana zenyewe kwa zenyewe, nyingine huanguka chini ya chupa kama masira. Divai hulainika, na rangi yake hutoka zambarau nzito ikaelekea rangi ya tofali. Huko Campania kuna divai ya Aglianico iitwayo Taurasi: sheria inakataza kuiuza kabla ya miaka mitatu, na angalau mmoja kati ya hiyo iwe ndani ya pipa la mbao. Zilizo bora huweza kukaa miaka ishirini na zaidi.

Basi mtasema: aiweke! Hapana, wamama. Divai zile hukaa chini ya ardhi, kwenye giza, kwenye ubaridi wa digrii 12 hadi 15 usiobadilika, zikiwa zimelazwa ili divai iguse kizibo kisikauke. Kizibo kikikauka, hewa huingia, divai huwa siki. Na joto huipika divai polepole, hata kama kizibo ni kizima. Sisi hapa tuna mabati, mchana unafika digrii 30, na frigo hulala umeme ukikatika.

Mimi mwenyewe niliyaona hayo. Chupa tuliyopewa harusini niliisimamisha juu ya kabati miaka kumi na mmoja, nikijivuna nayo. Siku baba mkwe alipokuja kututembelea, niliifungua. Alionja mara moja, akaweka glasi chini polepole, akaomba maji. Hakusema neno, na mimi sikujua pa kutazama.

Kwa hiyo shauri langu kwa mama huyu ni hili. Misa ya mwaka ya kaka yako iko karibu. Ifungue siku hiyo, watu wa familia wakiwa wote pamoja. Mpaka siku hiyo, ilaze ndani ya sanduku lenye giza, sakafuni, katika chumba kisichopata jua. Jana yake isimamishe ili masira yashuke. Siku yenyewe ifungue saa moja au mbili kabla ya chakula, imimine polepole ndani ya jagi, masira uyaache chupani. Hewa itapunguza ukali kidogo.

Halafu pika nyama: mbuzi wa kuchoma, au ng'ombe wa mchuzi mzito. Nyama na mafuta yake huutuliza ukakasi, kama maziwa yanavyoituliza chai kali. Mikebuka na ndagala uviache siku hiyo. Divai kali na samaki havipatani, mdomoni hubaki ladha kama ya chuma.

Chupa moja hutoa glasi sita ndogo, inatosha kila mkubwa aonje. Mwenye mimba, anayenyonyesha, anayekunywa dawa na watoto, hao wapewe juisi.

Na chupa yenyewe, mama, usiitupe. Ioshe, uihifadhi na karatasi yake. Siku ya harusi ya binti, itie maua, uiweke juu ya meza ya maarusi, kisha uwaambie watu ilitoka kwa nani. Hivyo ahadi ya kaka itakuwa imefika.

Juma lijalo tutaongea juu ya kukausha ndagala wakati wa mvua. Mwenye ujuzi atuletee. Mbaki salama.