Sare ya mama nani kaichagua?

Harusi ya binti wa shangazi yangu ilifanyika kaskazi ikiwa imekolea, chini ya turubai, katika kijiji kimoja si mbali na Wete. Sare ya kina mama wa upande wa bibi harusi ilikuwa dera la satini la zambarau pamoja na mtandio wake, shilingi 38,000 kwa kila mtu. Lilichaguliwa katika kundi la WhatsApp, kutokana na picha moja iliyotumwa na muuzaji wa Unguja. Mama yangu alilipa, akavaa, akaenda. Kabla bibi harusi hajatolewa akanyanyuka, akachukua mkoba wake, akaondoka bila ya kumuaga mtu.

Kwa wasomaji wa Pemba sina haja ya kueleza maana ya jambo hilo. Mama wa bibi harusi ni wifi yake. Wifi akiondoka harusini kabla bibi harusi hajatolewa, hilo tayari ni neno, na neno lenyewe lilifika Konde kabla mama hajafika nyumbani. Wakasema kanuna. Wakasema hakuipenda sare. Wengine wakafukua mambo ya mwaka ambao mimi sijazaliwa. Shangazi hakupiga simu kwa wiki tatu, na mama naye hakueleza kitu.

Ukweli nilikuja kuujua usiku mmoja nilipolala nyumbani. Saa nane nikamkuta amekaa barazani, kanga imelowa shingoni kama mtu aliyetoka kisimani. Nikamuuliza anaumwa nini. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mambo haya yananijia hivi hivi mwaka sasa. Siku ile sikuwa na ubaya na mtu, mwanangu. Nilikuwa nawaka moto. Lile dera lilinganda mgongoni, nikaona nitaanguka mbele za watu."

Mama ana miaka 51. Na mimi ndiye niliyeandika katika safu hii hii kuhusu kukoma hedhi. Nilieleza kwamba wanawake wengi hufikia hatua hiyo kati ya miaka 45 na 55, nikawahoji kina mama wa watu, nikawauliza hata mambo ya chumbani. Wa kwangu sikumuuliza.

Basi nieleze tena kwa ufupi. Homoni ya estrojeni inapopungua, ile sehemu ya ubongo inayosimamia joto la mwili huwa nyepesi kushtuka. Joto likibadilika kidogo tu, mwili hudhani umeungua, ukafungua mishipa ya damu ya ngozini na kumwaga jasho. Mama anahisi moto unapanda kifuani, shingoni na usoni, moyo unakwenda mbio, na baada ya dakika chache anabaki na baridi ya jasho. Kwa wengine huja mara moja moja, kwa wengine mara nyingi kwa siku, na hali hiyo inaweza kudumu miaka kadhaa. Si maradhi, lakini inachosha, na inakosesha usingizi.

Sasa tia nguo ndani ya hesabu hiyo. Jasho hupoza mwili pale linapokauka. Pamba hulinywa jasho na kupitisha hewa. Poliesta hailinywi, kwa hiyo linabaki baina ya nguo na ngozi. Na satini ni jina la ufumaji, si jina la uzi. Ipo satini ya hariri na ipo ya pamba, lakini satini ya bei ile, pamoja na mtandio juu yake, kwa kawaida ni poliesta, uzi wa jamii moja na chupa ya maji ya kunywa. Tulimvisha mama chupa, tukamkalisha chini ya turubai saa tisa za mchana.

Baada ya usiku ule nikaanza kuangalia kwa makini namna nguo za mama zetu zinavyouzwa. Hauhitaji kwenda dukani. Fungua status za WhatsApp asubuhi yoyote. Utamkuta msichana wa miaka ishirini na kitu, mrefu, kiuno chembamba, uso wake umefunikwa kwa ua la kuchorwa. Chini yake imeandikwa kwamba mzigo mpya umeingia, abaya za wamama watu wazima, fri saizi, Chake, Wete na Mkoani unaletewa. Mara nyingi picha imetoka kwa muuzaji wa jumla wa mbali, na huyo anayeisambaza hajakigusa hicho kitambaa hata siku moja. Mama mwenyewe hayumo. Sijaona picha ya mwenye tumbo, wala mwenye miguu iliyovimba jioni, wala anayeshindwa kuunyanyua mkono wa kulia.

Nilimuuliza dada mmoja anayeuza hivyo pale Chake Chake. Hakukasirika. "Niliwahi kumvisha mama yangu mwenyewe nikampiga picha," alinambia. "Hakuuliza bei hata mtu mmoja. Halafu nikwambie, wanaonunua si wamama. Ni nyinyi watoto wao."

Nikacheka, halafu nikanyamaza. Abaya ya mama ya Idd iliyopita, nyeusi, yenye mawe kwenye mikono, niliinunua mimi. Niliiona kwenye simu nikiwa kazini, nikaipenda ilivyomkaa yule msichana, nikatuma pesa. Mama alishukuru sana. Aliivaa mara moja, akaikunja, akaitia kabatini.

Hilo ndilo lililonishughulisha mpaka nikaandika haya. Nguo ya mama mtu mzima siku hizi haiuzwi kwa mama. Inauzwa kwa binti anayetaka kumfurahisha, kwa kaka aliyeko Muscat anayetuma pesa, kwa kundi la harusi linalotaka picha zing'are. Hata maneno ya tangazo yanamsemesha mtoto: mpendezeshe mama, mama yako asipitwe. Anayeivaa ndiye wa mwisho kuiona. Na kwa malezi yetu zawadi ya mtoto hairudishwi, wala sare haikataliwi. Ukikataa sare umekataa watu.

Haikuwa hivi kwa kanga. Nguo hii imeuzwa katika pwani yetu tangu karne ya 19, na aliyesemeshwa ni mwanamke mwenyewe. Kule Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, yule ambaye kanga zake zinajulikana mpaka leo kwa chapa ya "Mali ya Abdulla", alijenga biashara nzima juu ya jambo hilo. Majina ya kanga yalipoanza kutiwa, kwanza kwa herufi za Kiarabu na baadaye kwa hizi tunazosomea, mfanyabiashara alilazimika kujua mwanamke ana nini moyoni, ana ugomvi na nani, anamuombea nani dua. Mama akiingia duka la kanga, Mchangani au hapa Chake, hufunua, husoma jina, hukivuta kitambaa, hukisugua baina ya vidole, na husema hii itachuja. Na doti haina saizi ya kumsuta mtu. Tumbo likiongezeka unajifunga hivi, likipungua unajifunga vile.

Sisemi wauzaji wa kanga walikuwa malaika. Walibadilisha majina na rangi haraka ili mwenye doti ya mwezi uliopita ajione kapitwa. Lakini waliyekuwa wakimshawishi ni yeye, na yeye alikuwa na nafasi ya kusema hapana.

Marekani wana mfano ambao umenichekesha. Kampuni ya Chico's ilianza mwaka 1983 katika kisiwa kidogo cha Sanibel, Florida, na ikakua kwa kuwauzia wanawake wa makamo. Ilijitungia namba zake za saizi, kuanzia 0, 1, 2 hadi 3. Mwanamke anayevaa 12 katika maduka mengine, pale akawa 2. Ni ujanja, naam, wa kumfurahisha mteja mbele ya kioo. Lakini nyuma ya hiyo 2 kuna mtu aliyechukua futi akapima nyonga za mtu mzima. Fri saizi yetu imeondoa namba na kipimo kwa pamoja. Wenzao wa Ufaransa, Céline, mwaka 2015 walimweka kwenye tangazo mwandishi Joan Didion akiwa na miaka 80, amevaa miwani myeusi, na dunia ya mitindo ikashangilia. Sina hakika kama waliotakiwa kuinunua ile miwani walikuwa mabibi wa miaka 80.

Kwa dera, fri saizi ina ukweli wake, kwa sababu dera ni kitambaa kipana chenye tundu la shingo. Abaya si hivyo. Ina bega, ina kwapa, ina mkono. Kati ya miaka 40 na 60 baadhi ya wanawake, na zaidi wenye kisukari, hupata maradhi ya bega kuganda, mkono ukawa haupandi juu ya kichwa. Mama mwenye bega hilo akipewa abaya ya kuvalia kichwani, kuivaa ni mateso, na kuivua lazima aite mtu. Iliyofunguka mbele inamsaidia sana, hata akienda hospitali kupimwa presha. Urefu nao uangaliwe. Abaya ya msichana mwenye viatu virefu inapendeza ikiburura. Mama mwenye kandambili anaikanyaga. Baada ya hedhi kukoma mifupa hupungua uimara wake, na mtu aliyeteleza kwenye ngazi ya boti pale Mkoani akiwa na miaka 30 huinuka akacheka, lakini wa miaka 60 huenda asiinuke.

Kuna jambo jingine ambalo kina mama hulisema kwa kunong'ona. Wapo wanaopenda nyeusi kwa sababu mkojo unawatoka kidogo wakicheka au wakikohoa, na nyeusi haionyeshi. Wanapunguza kunywa maji, wanaacha kwenda harusini, na sisi tunasema mama siku hizi kachoka. Tatizo hili lina mazoezi ya misuli ya nyonga na lina matibabu, na wahudumu wa afya wanalijua vizuri. Si jambo la kufichwa kwa rangi ya nguo. Na yeyote aliyekaa mwaka mzima bila hedhi kisha akaona damu, hata tone, aende kituo cha afya mapema. Hilo halihusiani na nguo, lakini sitaacha kuliandika.

Kuhusu kitambaa, ukiwa dukani omba ruhusa utie tone la maji. Pamba kwa kawaida hulinywa, ingawa ikiwa mpya yenye wanga hulichelewesha kidogo. Kwenye poliesta nyingi tone hukaa juu au huteleza. Nyumbani unaweza kuchomoa uzi mmoja, ukauchoma kwa uangalifu juu ya sahani: wa pamba huungua kama karatasi ukaacha jivu, wa poliesta huyeyuka ukawa kidonge kigumu. Fanya hivyo hata kwa kanga, maana siku hizi si kila kanga ni pamba tupu. Kwenye simu huwezi kutia maji, kwa hiyo uliza. Mimi nilimuuliza muuzaji wa ile abaya yenye mawe ni kitambaa gani. Akajibu, "Karibu kipenzi, zimebaki rangi tatu."

Nilikwenda kwa shangazi peke yangu, bila ya kumwambia mama. Nilimueleza yote, mpaka kanga iliyolowa. Alinisikiliza akiwa anachambua mchele, mkono hausimami. Nilipomaliza akasema, "Sasa mbona hakusema? Mimi lile dera nililivua mara tatu siku ile, najifungia chumbani najipepea na sinia. Ningekwenda wapi, na harusi ni yangu?"

Shangazi ana miaka 54. Wawili hao wamekaa mkeka mmoja mwaka mzima, kila mmoja anaungua kivyake, na kila mmoja anadhani mwenzake kanuna.

Harusi nyingine ya ukoo imepangwa baada ya Mfungo Tatu, na safari hii sare wamepewa wao wawili waichague. Kwenye kundi la WhatsApp kumekuwa na kelele. Vijana wanasema kanga ni nguo ya jikoni, picha hazitatoka. Wamekubaliana kwamba itanunuliwa pamba, fundi ashone magauni mapana, na kila mtu apimwe. Jumamosi iliyopita niliwapeleka Wete. Mama alikuwa na chupa ndogo ya maji kwenye mkoba, na shangazi alikuwa anashika pindo la kitambaa. Mwenye duka aliwaacha watie tone kwenye jora la kwanza na la pili. La tatu akauliza kama wanakuja kununua au kufulia.