TUNAWATUMA, AU TUNAWASINDIKIZA TU?



Jumapili iliyopita tulisimamisha mbele ya kanisa mume na mke wanaojiandaa kwenda Malawi kujitolea kwa miaka miwili. Dada ni muuguzi, ndugu ni fundi wa umeme. Mlipiga makofi na vigelegele, mama mmoja akaja akawafunga leso. Nilifurahi sana. Lakini baada ya ibada, nikiwa mlangoni nasalimia watu, watu watatu tofauti waliniuliza swali lilelile: "Pastor, watakuwa wakilipwa ngapi?"

Nikawajibu kwamba ni posho ya kula na kulala tu. Mmoja akanikazia macho, akasema, "Sasa mtu anatoka kwao kwenda kufanya nini bila mshahara?"

Sikumkasirikia. Sisi watu wa Pumwani tunajua ndege huwa ni ya nini. Kijana wa Majengo akienda Qatar au Saudia, nyumba nzima inaanza kuhesabu siku za mwisho wa mwezi. Kwa hiyo akisafiri mtu asiyetuma pesa, tunaona amepotea njia, au tunasema pesa zipo, ni vile anazificha.

Mpendwa, tuelewane. Kujitolea ni kazi kamili, ila haina mshahara. Hata Umoja wa Mataifa una mpango wake wa wanaojitolea tangu mwaka 1970, na wanaokwenda hupewa posho ya kujikimu. Mashirika mengi ya kimisheni hayana hata hiyo. Unaambiwa ujitafutie watu wa kukutegemeza. Basi hawa wawili si watu wa kutumiwa ujumbe mwezi wa pili wakiombwa karo ya mtoto wa binamu.

Na kabla hujasema ni ujinga, kumbuka Injili ilivyofika pwani yetu. Mwaka 1844 Johann Ludwig Krapf na mkewe Rosine walifika Mombasa. Mwezi wa Julai mwaka huohuo Rosine alijifungua mtoto wa kike. Siku chache baadaye mama akafa, na mtoto naye akafa. Wamezikwa upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Krapf aliumwa, lakini alibaki. Akaendelea kujifunza Kiswahili na kutafsiri Maandiko, na mwaka 1846 akajiunga naye Johannes Rebmann, wakaanza kazi kule Rabai. Wengi wetu tunalijua jina la Krapf. Ni wangapi wanalijua la Rosine?

Ndiyo maana swali la kwanza niliwauliza hawa wetu wakiwa wawili sebuleni kwangu, na nilimtazama dada: "Wewe umeitwa, au unamfuata mume?" Priskila na Akila wametajwa mara sita katika Agano Jipya, na kila mara wametajwa pamoja. Walihama Rumi wakaenda Korintho, wakatoka Korintho wakaenda Efeso, na mikono yao ilikuwa ikishona mahema. Katika nyumba ya namna hiyo hakuna abiria. Dada alinijibu kwamba yeye ndiye aliyeanza kuomba juu ya jambo hili, mume akamkuta njiani. Nikasema amina.

Swali la pili lilikuwa gumu zaidi. Niliwauliza, "Na mama?"

Mama ya ndugu huyu anauza nguo za watoto Gikomba. Ninyi mnalijua soko hilo. Tumeshaliona likiungua mara ngapi? Leo ana duka, kesho asubuhi ana majivu. Kodi yake ya nyumba hulipwa na huyu mwana anayeondoka.

Hapa ndipo ninapotaka kusema wazi, hata kama kuna mtu atachukia. Katika Marko 7 Yesu aliwakemea watu waliosema mali iliyopaswa kuwasaidia wazazi wao imewekwa wakfu kwa Mungu. Walitumia jina la Mungu kumkwepa mama. Mpendwa, unaweza kulia kwa lugha mpya madhabahuni na bado ukawa unamkwepa mama. Wito wa Mungu haukufutii deni la nyumbani kwenu.

Kwa hiyo niliwapa kazi ya nyumbani. Kama kuna mkopo wa sacco, waende kwa wadhamini wao ana kwa ana, kwa sababu wao wakiacha kulipa, ni ndugu mwingine hapa Shauri Moyo atakayekatwa akiba yake. Kama kuna deni la HELB, wapange sasa jinsi litakavyolipwa, maana ukinyamaza unaongezewa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi, hata kama uko kijijini Malawi unadunga watoto chanjo. Na mama alipiwe SHA kabla ya tiketi kukatwa. Kwa asiyeajiriwa mchango haupungui shilingi 300 kwa mwezi, nao hulipwa wa mwaka mzima. Katika Luka 14 Bwana mwenyewe alisema anayetaka kujenga mnara hukaa chini kwanza akahesabu gharama. Kuhesabu si kukosa imani.

Sasa nageuka kwako wewe unayebaki.

Nina jambo la kutubu. Miaka kadhaa iliyopita kanisa letu lilimtuma ndugu mmoja na mkewe nje ya nchi. Tuliwawekea mikono, tukaimba, tukajaza matatu mbili kwenda nao uwanja wa ndege. Miezi mitatu mchango ulienda. Mwezi wa nne ukawa nusu. Mwezi wa sita kimya. Mama ya yule dada alilazwa, na mimi mchungaji nilijua baada ya wiki mbili, tena kwa kuambiwa sokoni. Walirudi kabla ya wakati wao. Hawakutulaumu, ila waliacha kuja ibadani, na mimi najua sababu. Hatukuwatuma wale watu. Tuliwasindikiza tu.

Kusindikiza kunaishia uwanja wa ndege. Kutuma kunaanzia hapo. Wafilipi walimpelekea Paulo msaada akiwa Thesalonike, si mara moja tu. Na Yohana, katika waraka wake wa tatu, anamwambia Gayo kwamba anayewasafirisha watumishi wa Mungu inavyostahili amekuwa mshiriki wa kazi yao. Kumbe unaweza kufanya kazi Malawi bila kuvuka hata barabara ya General Waruinge.

Naomba basi watu ishirini. Wala sitafuti matajiri. Ukiwa na shilingi 200 kwa mwezi kwa miezi 24, hiyo ni ahadi; ukiahidi 2,000 ukaishia mwezi wa tatu, umewaumiza. Naomba akina mama wawili wa kumtembelea mama Gikomba kila wiki, wakae naye kwenye kibanda, wamuulize amekula nini. Na kijana mmoja wa kuwapigia hawa wawili kila Jumapili jioni awaulize tu wanaendeleaje, asiombe kitu.

Kama hatuwezi haya, heri tuwaambie sasa wasiende, kuliko kuwaacha huko wakidhani wana kanisa.

Tuombe. Baba, tusamehe kwa wale tuliowapigia makofi tukawasahau. Watangulie hawa wawili, uwalinde mwili na ndoa. Umfunike mama anayebaki, na utufanye sisi kuwa watoto wake. Katika jina la Yesu. Amina.

Kama wewe ni mmoja wa wale ishirini, usiandike amina peke yake hapa chini. Andika "nitabeba," kisha Jumatano baada ya maombi uje tuonane.