Chumvi Chafu na Data za Kupika

Niliadimika kidogo, majaribio yalikuwa yamebana. Leo nina hoja moja kwa sisi tunaosomea ualimu wa kemia: tuache kupika data, na tukishaajiriwa tusiwape wanafunzi sababu ya kuzipika.

Chukueni mfano huu. Dawa nyingi hutengenezwa kwa kuunganisha naitrojeni na pete ya benzini. Kazi hiyo kwa kawaida inataka kichocheo, na vilivyozoeleka ni vya paladiamu, ambayo bei yake haishikiki, na vya shaba. Mwaka 2007 Carsten Bolm na mwenzake kule Aachen, Ujerumani, wakatangaza kwamba hata kloraidi ya chuma inaweza. Chuma jamani! Bei poa, kimejaa kila mahali. Nani asingefurahi?

Kumbe ndani ya ile chumvi kulikuwa na mgeni. Mwaka 2009 Bolm na Stephen Buchwald wa MIT, Marekani, walilinganisha kloraidi za chuma zenye usafi tofauti. Ile safi kabisa ikazembea. Ukiitilia shaba, sehemu chache tu katika milioni, inaamka! Wakaandika wazi kwamba katika baadhi ya mimenyuko ile, anayepiga kazi huenda ni shaba. Bolm alikuwa anajisahihisha mwenyewe, jina lake likiwa juu.

Na si yeye peke yake. Nicholas Leadbeater aliandika mwaka 2003 kwamba ameunganisha pete mbili bila metali yoyote. Mwaka 2005 kundi lake likarudi na kusema paladiamu ilikuwemo kwenye sodiamu kaboneti waliyotumia, sehemu kama 50 katika bilioni. Hiyo ni kama miligramu 50 ndani ya tani nzima!

Sasa njoo maabara zetu. Taitresheni haijaisha, watu wanaulizana "umepata ngapi?" Mwenye namba tofauti anafuta, anaandika ya jirani. Simlaumu sana, maana maksi zinafuata namba.

Najua mtaniambia darasa lina wanafunzi themanini, kemikali zenyewe za kuungaunga, na mtihani wa taifa una majibu yake. Kweli kabisa. Lakini hapo ndipo hoja yangu ilipo: kama chupa ni ya zamani na imeachwa wazi, namba tofauti inaweza kuwa ndiyo ya kweli! Anayeifuta anatupa ushahidi.

Kwenye mazoezi ya darasani, ambayo maksi tunapanga wenyewe, nusu ziende kwa maelezo ya kwa nini umepata ulichopata. Na kila jaribio la kichocheo liwe na testi tyubu moja isiyotiwa kichocheo. Gharama yake haifiki hata nauli ya daladala.

Naomba kuwakilisha. Mnaopinga, tukutane kwenye maoni.