MAKOCHA WA MAISHA MJINI, ULE UKURASA MLIOUCHANA UKO WAPI?

Mjini siku hizi ukirusha jiwe halimpati bodaboda tena, linampata kocha. Kocha wa mahusiano, kocha wa maisha, kocha wa fikra, kocha wa Kiingereza, na wapo waliojiandika kabisa kwenye bio kuwa ni wanasaikolojia. Mwaka jana alikuwa anauza mawigi, mwaka huu anatibu mioyo. Na kuuza wigi si dhambi jamani. Wigi unalishika, unalivaa, likiwa feki unalirudisha. Kasheshe ipo kwenye hii biashara ya pili, ambayo unalipa kwanza, na dawa isipofanya kazi unaambiwa tatizo ni wewe, hujabadilisha fikra.

Kila mtu anamjua angalau mmoja. Kuna yule kaka wa suti ya bluu na kamaiki kakubana kwenye kola, anayeingia laivu saa tatu usiku. Kuna yule dada wa sauti laini ambaye kila stori inaishia na "madini zaidi yako kwenye PDF, elfu kumi tu, lipia namba hii, jina litakuja..." Majina yaachwe. Ukimtaja mmoja unampa kiki, na wenzake kumi wanajificha nyuma yake.

Na hawa watu si kwamba wanatunga kila kitu. Mengi wanayosema yametoka kwenye vitabu kweli. Saikolojia, tiba ya mazungumzo, ufundishaji wa lugha, zote ni fani zenye vitabu vyake, vilivyoandikwa na watu waliokaa miaka na wagonjwa na wanafunzi. Kinachozingua ni jinsi wanavyovitumia. Wanachukua ukurasa wenye maneno matamu, wanauposti. Ule unaofuata, unaosema "hii njia hapa haifai" au "mtu wa hivi mpeleke hospitali", wanauchana. Na huo waliouchana ndo unaookoa watu.

Ushahidi huu hapa, kimoja kimoja.

SIKU 21 ZA KUBADILISHA MAISHA YAKO

Hii ndo bidhaa inayouzika kuliko zote. Grupu la WhatsApp, siku 21, unatoka mtu mpya. Namba hiyo inatokana na kitabu kinachoitwa Psycho-Cybernetics, kilichotoka 1960. Mwandishi wake, Maxwell Maltz, alikuwa daktari wa upasuaji wa kurekebisha sura huko Marekani. Aliona wagonjwa wake wanachukua angalau siku 21 hivi kuizoea sura mpya kwenye kioo. Angalau! Na alikuwa anaongelea kuzoea pua mpya, siyo kuacha pombe, kusahau kuachwa au kutoka kwenye madeni.

Baadaye watafiti wa chuo kikuu cha UCL, London, waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wanajijengea tabia mpya ndogo ndogo, kama kunywa maji wakati wa chakula cha mchana. Matokeo yalitoka 2009. Wastani ulikuwa siku 66, na kati ya mtu na mtu ilipishana kuanzia siku 18 mpaka makadirio ya siku 254. Ukurasa huo haupostiwi. Ndo maana siku ya 22 binti anajiona mzembe, kumbe yuko kawaida tu.

Mbaya zaidi ni kwa yule ambaye hajakosa nidhamu, anaumwa. Sonona ni ugonjwa. Mtu ambaye kwa wiki mbili na zaidi hana raha na chochote, halali, hali, anajiona hana thamani, anawaza bora afe, vitabu vya tiba vinasema huyo apimwe na asaidiwe na mtu aliyesomea. Kumwambia aamke saa kumi na moja alfajiri, aoge maji ya baridi na aandike malengo kumi ni sawa na kumwambia mwenye malaria akakimbie ufukweni.

KIPIGO SI LUGHA YA UPENDO

Gary Chapman, mchungaji wa Kibaptisti wa Marekani, alitoa kitabu chake cha lugha tano za upendo mwaka 1992. Maneno mazuri, muda wa pamoja, zawadi, matendo ya kusaidia, na mguso. Kwa wanandoa wanaopendana ila wanapishana, kitabu hicho kimewasaidia wengi. Mmoja anataka asikilizwe, mwenzie anadhani akija na kuku wa kukaanga kamaliza kila kitu. Hapo sawa.

Sasa ona kinachotokea kwenye laivu. Mwanamke anaandika, "Kaka, mume wangu akinywa ananipiga, nifanyeje?" Jibu linakuja na tabasamu, "Dada yangu, wewe bado hujaijua lugha ya upendo ya mumeo." Vimoyo vinapaa kwenye skrini, watu wanaandika "madini hayo". Yaani kipigo kimegeuzwa kosa la tafsiri!

Chapman mwenyewe ana kitabu kingine kabisa kwa ajili ya ndoa zenye kipigo, ulevi na usaliti, na huko anahubiri upendo mgumu, wa kuweka mipaka. Ina maana hata mwenye lugha tano alijua kuna nyumba ambazo lugha tano peke yake haziziwezi. Na kwa Tanzania ukurasa huo wala haununuliwi. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Halmashauri kuna maofisa ustawi wa jamii. Sentensi mbili tu hizo, zingeweza kusemwa kwenye ile laivu kwa sekunde kumi. Kocha anayejua na hasemi, na kocha asiyejua kabisa, kwa yule mama aliyevimba jicho wote ni walewale.

KILA EX NI NARSISISTI

Ex akichelewa kujibu meseji, narsisisti. Bosi akinyima ruhusa, narsisisti. Mama mkwe akiuliza mtoto kala nini, narsisisti mkubwa.

Neno hilo si la kuokota. Lina nafasi yake kwenye DSM, kitabu kikubwa cha madaktari wa akili wa Marekani, ambacho toleo lake la tano lilitoka 2013. Humo, huo ugonjwa wa kujiona kupita kiasi umewekewa dalili 9, na mtu hapewi jina hilo mpaka afikishe 5 au zaidi, tena ziwe zimejijenga kwenye maisha yake ya kila siku, siyo kwenye ugomvi mmoja wa Jumamosi. Na kitabu hichohicho kina tahadhari kwamba mtu asiyefundishwa vya kutosha hashauriwi kukitumia kuamua nani ana ugonjwa gani.

Kocha wa mjini yeye anapima kwa skrinshoti ya WhatsApp. Dakika mbili, elfu ishirini, majibu tayari. Uchumba unavunjika, ndugu hawasalimiani, na aliyebandikwa ugonjwa hajawahi hata kuonana na aliyembandika. Huenda jamaa ni mbinafsi kweli. Huenda ni mwongo. Mwache awe mbinafsi na mwongo, Kiswahili kina maneno ya kutosha ya kumsema. Kumwachia huhitaji cheti cha ugonjwa wake.

KIINGEREZA SIKU 30, UONGEE KAMA MZUNGU

Huku nako ni hukohuko. Walimu wa lugha wana vitabu vyao na mahesabu yao. Tangu Baraza la Ulaya litoe mwongozo wake wa ngazi sita mwaka 2001, kuanzia A1 mpaka C2, vitabu vingi vya kufundishia lugha vinazifuata ngazi hizo. Cambridge, wale wenye mitihani ya Kiingereza, wanakadiria kwamba kutoka sifuri mpaka B1, yaani mtu wa kujimudu kwenye mambo ya kawaida tu, ni saa 350 mpaka 400 za kufundishwa. Saa moja kwa siku, kwa siku 30, ni saa 30. Hesabu ya darasa la pili hiyo.

Kama bado hujashawishika, geuza upande. Wamarekani wanaofundishwa Kiswahili na wizara yao ya mambo ya nje kabla ya kupangiwa kazi ubalozini wanawekewa wiki kama 36, na hapo kusoma ndo kazi yao. Watu wenye walimu, mshahara na kiyoyozi. Halafu kijana wa Mbagala anaambiwa siku 30, kwa voisi noti.

Anayeumia ni huyo kijana. Kamaliza kidato cha nne, anatafuta kazi ya hoteli, kakopa elfu hamsini kulipia darasa. Siku ya 31 anaingia kwenye usaili, anababaika, anatoka anajiona ana kichwa kigumu. Hana kichwa kigumu hata kidogo. Kauziwa saa 30 kwa jina la saa 400.

"WIVU TU UNAWASUMBUA"

Hapo chini watakuja mashabiki wao. Wivu huo, roho mbaya, kwani lazima kila mtu awe na digrii? Swali la digrii ni la maana, lijibiwe kwa heshima.

Kweli wataalamu ni wachache na wengi wako mijini. Kweli kuna watu wanaogopa kuonekana kitengo cha akili, maana mtaani jina la Mirembe limefanywa tusi. Kweli vitabu vingi viko kwa Kiingereza cha kutoa jasho. Kocha anaongea Kiswahili cha watu, yuko kiganjani, na hamcheki mtu anayelia. Hilo ni jema, na ndo maana ana wateja.

Ila nenda Harare, Zimbabwe. Huko kuna mabibi wa mtaani wanaokaa na watu kwenye mabenchi ya mbao nje ya zahanati. Si madaktari, si wanasaikolojia. Mpango unaitwa Friendship Bench, ulianzishwa 2006 na daktari wa akili Dixon Chibanda. Bibi anasikiliza, halafu anamsaidia mtu kuchagua tatizo moja na kulitafutia hatua moja ya kuanzia. Utafiti wa watu 573 uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba waliopitia kwenye benchi walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida.

Sasa bibi yule na kocha wa mjini wanatofautiana nini, wakati wote hawana digrii? Bibi alifundishwa. Ana karatasi ya maswali inayomwonyesha hali ya mtu imefikia wapi. Ana wakubwa wanaomsimamia. Na akikutana na mtu anayewaza kujiua hamuuzii PDF, anampeleka kwa waliosomea. Ule ukurasa ambao makocha wameuchana, bibi anao kichwani.

Wala gharama si kisingizio. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaoitwa Problem Management Plus mwaka 2016, wa vikao vitano, kwa ajili ya watu wasio wataalamu, wakishafundishwa na wakiwa na msimamizi. Ulijaribiwa mpaka hapo Nairobi kwa wanawake waliopitia ukatili. Unapakuliwa bure. Mwenye bando la kukaa laivu kila usiku ana bando la kuupakua.

Hata makocha wenyewe wana utaratibu kwa wanaotaka kuufuata. ICF, chama kikubwa cha makocha duniani, kwa cheti chake cha ngazi ya kwanza kinadai mafunzo ya saa zisizopungua 60 na uzoefu wa saa 100 na wateja. Na kinamtaka kocha ajue pa kuishia, amwelekeze mteja kwa mtaalamu mwingine inapobidi. Kwa hiyo "mimi ni kocha tu, siyo daktari" si njia ya kukwepa. Kama siyo daktari, basi onyesha mlango wa daktari uko wapi.

KABLA HUJATUMA ELFU KUMI, MUULIZE HAYA

Moja: nani alikufundisha, na nani anakusimamia sasa hivi? Jibu la "maisha yamenifundisha" lina heshima yake, ila halitoshi. Maisha yamemfundisha kila mtu, na si kila mtu anatoza hela.

Mbili: hii njia yako huwa inashindwa kwa watu gani? Anayeijua kazi yake anakujibu bila kufikiri mara mbili. Tapeli atasema inafanya kazi kwa wote.

Tatu: mambo yangu yakikuzidi, utanipeleka wapi? Ataje mahali. Hospitali, dawati, ofisi ya ustawi, mtaalamu anayefahamiana naye. Akisema "kwangu haliwezi kushindikana jambo", kimbia na hela yako.

Atakayejibu hayo matatu bila kununa, mlipe, hata kama hana digrii. Atakayekubloku, hilo nalo ni jibu.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Uliyewahi kulipia, andika hapo chini uliuziwa nini na ukaishia wapi. Majina acheni nyumbani.